Saa za Kituo na Saa za Shamba

Mjadala wa malezi ya watoto wadogo vijijini Tanzania umeelemea mno upande wa shule. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, imefanya jambo la maana kwa kuunganisha afya, lishe, ulinzi na ujifunzaji wa mtoto. Lakini swali la riziki bado halijapewa uzito wake: mama anapotoka kwenda kibaruani, mtoto anabaki na nani?

Tuchukue palizi ya mpunga katika bonde la Kilombero. Kibarua hupimiwa ngwe na hulipwa anapoimaliza. Kila anapoinuka kwenda kumnyonyesha mtoto aliyelazwa kivulini, ngwe inamsubiri, na jua linazidi kupanda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84 na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Haki hizo zinamhitaji mwajiri anayejulikana. Kibarua wa ngwe leo yuko kwa huyu, kesho kwa yule. Matokeo yake mzigo humwangukia binti wa miaka minane au tisa, ambaye siku hiyo haonekani darasani.

Wapo wanaosema kijijini bibi yupo. Yupo, ila naye ana jembe lake. Bibi wa miaka hamsini ni mkulima kamili, na kumhesabu kama mlezi wa bure ni kumpunguzia kipato bila kumuuliza.

Darasa la awali nalo halitoshi. Linampokea mtoto akiwa na miaka mitano, linamrudisha nyumbani kazi za shamba zikiwa bado zinaendelea, na hufungwa Desemba, wakati mikoa yenye msimu mmoja wa mvua inapanda.

India ilijaribu njia nyingine. Sheria yake ya ajira vijijini ya mwaka 2005 ilielekeza kwamba, pale watoto watano au zaidi walio chini ya miaka sita walipofuatana na mama zao kazini, mwanamke mmoja apewe kazi ya kuwatunza na alipwe ujira uleule wa wenzake. Utekelezaji ulisuasua, lakini msingi wake naukubali kikamilifu: kutunza watoto ni sehemu ya kazi inayofanyika pale, kama kuchimba mtaro.

Hapa nchini, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) tayari umezipa kaya maskini ajira za muda katika miradi ya jamii. Ulezi wa watoto wakati wa kilimo unastahili kuwa mojawapo ya kazi hizo. Mikopo ya vikundi itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri haifai kuubeba, kwa kuwa mkopo hurejeshwa, na kituo cha watoto wa vibarua hakiwezi kuwatoza wazazi ada ya kulipia deni.

Majengo yasiwe kisingizio. Ghala la chama cha msingi cha ushirika mara nyingi huwa tupu wakati wa palizi, mazao ya msimu uliopita yakiwa yameshauzwa. Likisafishwa, likahakikishwa halina mabaki ya viuatilifu, likapata maji, choo na jiko la uji, linaweza kupokea watoto alfajiri, kabla vibarua hawajapimiwa ngwe, na kubaki wazi hadi wa mwisho arudi.