Chombo na Mwenzi

Elimu ni mali isiyopungua kwa kugawiwa, lakini namna ya kuigawa imebadilika. Zamani, katika vyuo vya Kurani vya Lamu na Mombasa, watoto walikaa mkekani na mbao zao, wakasoma pamoja kwa sauti. Aliyekosa alisikiwa, akasahihishwa papo hapo.

Ulaya nako vitabu vya mkono vilikuwa adimu. Wengi walimsikiliza mmoja akisoma. Yapata mwaka 1455, mjini Mainz, Ujerumani, Johannes Gutenberg alipiga chapa Biblia kwa herufi za madini. Vitabu vilipozidi kuenea, watu wengi zaidi waliweza kujifunza peke yao, kimya.

Machi 2020, shule za Kenya zilipofungwa kwa sababu ya korona, masomo yalipelekwa kwa redio, televisheni na intaneti. Sauti ya mwalimu iliingia nyumbani, lakini redio haikuweza kusikia swali la mwanafunzi; na nyumba isiyo na chombo ilibaki gizani. Januari 2021 madarasa yote yalifunguliwa, na wanafunzi wakaketi tena pamoja.

Basi tuvipokee vyombo kwa shukrani, tukikumbuka kwamba chombo huleta neno, bali mwenzi hulijibu.