Kibanja, Kaburi na Kanisa: Mfano wa Hamugembe

Historia ya Kanisa katika Buhaya imezoea kuandikwa kwa kufuata vituo vya misheni na majina ya wamisionari. Katika makala haya mafupi tunapendekeza ianzie kibanjani. Mfano wetu ni Hamugembe, ambayo leo ni kata ya Manispaa ya Bukoba.

Kibanja cha Mhaya si shamba tu. Nyumba hujengwa katikati ya migomba, kahawa hupandwa humo humo, samadi na nyasi za rweya hurutubisha udongo, na wafu wa ukoo huzikwa hapo hapo. Kwa hiyo kaburi ni kumbukumbu ya wazee na pia ni ushahidi wa haki ya ukoo juu ya ardhi.

Emin Pasha alipoanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, mji ulianza kukua kati ya jamii za namna hiyo. Wamisionari wa Betheli walipofika mwaka 1910 walikuta Wahaya waliokwisha kujifunza kusoma na kuamini huko Buganda, nao wakikusanyika wenyewe. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa Wajerumani, walimu wenyeji ndio waliolilinda kundi. Basi Kanisa lilikuwa na watu wake vibanjani kabla ya kuwa na kituo.

Lakini tusikisifu kibanja kupita kiasi. Mila ilimnyima mwanamke haki ya kuuza ardhi ya ukoo, hata ile aliyoachiwa na baba yake kwa wosia. Mwaka 1990, katika shauri lililotoka Muleba, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza aliamua kwamba ubaguzi huo ulipingana na Katiba.

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera, na Hamugembe ikawa miongoni mwa sehemu zilizoharibiwa vibaya. Nyumba zilipoanguka, swali la ardhi likawa swali la kichungaji: nani ana haki ya kujenga tena, na mjane atakaa wapi?

Kwa hiyo tunawasihi wachungaji na wanafunzi wa theolojia waandike historia za sharika zao wakiwasikiliza pia akina mama wazee, maana wao wanajua nani alizikwa wapi na nani alifukuzwa baada ya maziko. Mchungaji anayezika bila kuuliza ni nani atakayebaki kibanjani ametimiza nusu tu ya wajibu wake.