Daktari wa Maiti au Mwanapatholojia? Istilahi na Historia Yake Kanda ya Ziwa

Miongoni mwa istilahi za tiba zinazowapa taabu wafasiri wetu, jina la daktari anayechunguza vipande vya mwili kwa hadubini limo katika zile zilizochelewa kutulia. Vitabuni huandikwa "mwanapatholojia". Mitaani watu husema "daktari wa maiti". Jina la kwanza halimwelezi kitu asiyelijua. La pili laeleza sehemu moja tu ya kazi, nayo si kubwa, na kuificha iliyo kubwa. Tumeona yafaa kuitazama historia ya kazi yenyewe mwambaoni mwa Ziwa Viktoria kabla ya kulihukumu jina.

Mwaka 1906 Robert Koch, bingwa wa Kijerumani wa elimu ya vijidudu, alifika Mwanza kuchunguza malale, kisha akavuka kwenda visiwa vya Sese upande wa Uganda. Kwake yeye ugonjwa ulithibitishwa kwa kukiona kijidudu chini ya hadubini, si kwa kuutazama usingizi wa mgonjwa. (Dawa aliyoijaribu huko, atoksili, iliwapofusha baadhi ya wagonjwa.) Baada ya Vita Kuu ya Pili, Mwanza ikawa na kituo cha kuchunguza matende na baadaye kichocho, kazi hiyo sasa imo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Huo ulikuwa utafiti, haukuwa shule ya mabingwa.

Mfano unaomfaa zaidi mwanaistilahi uko ng'ambo ya ziwa, Kampala. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe wa taya. Akawatafuta wengine wa namna hiyo, na mwaka 1958 akachapisha makala akiuita uvimbe huo sakoma ya taya. Jina hilo lilitokana na kile alichokiona mpasuaji: mahali penye uvimbe. Lakini wanapatholojia wa Makerere, Gregory O'Conor na J. N. P. Davies, walipovilinganisha vipande vya tishu vya uvimbe wa taya na vya uvimbe wa tumboni na kwingineko, waliona kwamba seli ni zile zile, nazo ni za limfoma. Kufikia mwaka 1961 jina likawa limebadilika, na pamoja nalo fikra: haukuwa tena ugonjwa wa taya wa kukatwa kwa kisu, bali saratani ya mwili mzima, ambayo ilionekana kuitikia dawa vizuri ajabu. Hapo istilahi haikuwa pambo la kitabu. Mtoto aliyeandikiwa jina lisilo lake angepata tiba isiyo yake.

Mwanza ilipata hospitali yake kubwa mwaka 1971, ilipofunguliwa Bugando, kilimani juu ya mji, kwa juhudi za Kanisa Katoliki. Ikawa hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Mafunzo ya shahada ya udaktari yalianza hapo mwaka 2003. Kabla ya hapo aliyetaka shahada hiyo alikwenda kwingine, kwa mfano Dar es Salaam, ambako shule ya tiba ilianza mwaka 1963, au Makerere. Sasa Bugando hufundishwa pia madaktari wanaosomea ubingwa, patholojia ikiwamo.

Daktari huyo tumwiteje? Neno la Kiingereza lamaanisha "mkazi", kwa kuwa zamani aliishi hospitalini. Kuandika "daktari mkazi", kama tulivyoona katika baadhi ya tafsiri, ni kutafsiri historia ya watu wengine. "Mwanagenzi" ni neno zuri la kale, ila humshusha mtu aliyekwisha kuwa daktari kamili. "Tarajali" limekwisha kushikwa na yule wa mwaka wa kwanza baada ya shahada. Twapendelea "daktari anayesomea ubingwa", refu lakini halidanganyi.

Kazi anayojifunza ni hii. Kipande kilichotolewa kwa mgonjwa hulowekwa katika formalini, hugandishwa ndani ya nta, hukatwa utando mwembamba wa elfu chache za milimita, kisha hutiwa rangi: viini vya seli huonekana vya buluu, sehemu nyingine huwa za waridi. Daktari hukaa mbele ya hadubini pamoja na mwalimu wake, akisema anachokiona na kukipa jina, naye mwalimu humsahihisha. Kuchunguza maiti kumo pia, hasa pale vyombo vya dola vinapotaka sababu ya kifo, lakini mwenye kipande kile, mara nyingi, yu hai, naye anasubiri jibu.

Ndiyo maana twalipinga jina "daktari wa maiti" katika barua na fomu za serikali. Mama mwenye uvimbe wa titi akiambiwa kipande chake kinapelekwa kwa daktari wa maiti, ana haki ya kuogopa, na anaweza asirudi. Wala si kwamba jina la mitaani halifai daima: "mganga" lilitoka katika uganga wa jadi likaingia ofisini, na leo Mganga Mkuu wa Mkoa hachekwi na mtu. Lakini mganga huponya, na maiti haponi.

Kuhusu kipande chenyewe, wauguzi husema "kinyama", neno fupi linaloeleweka mara moja. Kasoro yake ni kwamba "kinyama" ni ukatili pia, na katika maandishi sentensi yaweza kusomeka vibaya. Katika fomu za ridhaa twashauri "kipande cha tishu", na mara ya kwanza kufuatishwe maneno "yaani kinyama kidogo cha kupimwa". Kwa jina la daktari twashauri "bingwa wa patholojia", likifuatiwa na "daktari anayetambua ugonjwa kwa hadubini". Nafasi ya mstari mmoja yatosha.