Sarafu yenye kasoro: imekosewa kiwandani, imeghushiwa au imeharibika tu?

UKIFANYA biashara ya mpakani, ukapokea shilingi za Kenya, Tanzania na Uganda kwa siku moja, iko siku utaletewa sarafu ya ajabu. Haina mwaka, au picha imekaa upande, au moyo wake umetoka ukabaki uwazi. Mwenye nayo atadai Wazungu wanazinunua kwa mamilioni, ila yeye ana shida ya haraka. Hapo ndipo mtu anaachia mzigo.

Madai hayo si uongo mtupu. Mwaka 2008 kiwanda cha sarafu cha Uingereza, Royal Mint, kilibadilisha sura ya peni 20 na kuuhamisha mwaka kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Baadhi zikapigwa kwa muhuri mpya upande mmoja na wa zamani upande mwingine, zikatoka bila mwaka kabisa. Hizo ni halali na wakusanyaji huzitafuta, lakini kwa kawaida huuzwa kwa makumi ya pauni, si maelfu.

Jambo la kujua ni moja: sarafu huanza kama kisahani kitupu, huwekwa kati ya mihuri miwili ndani ya pete na kubanwa kwa nguvu kubwa. Kosa halisi hutokea hapo au kabla yake. Kilichotokea baada ya sarafu kutoka kwenye mashine ni uharibifu, hata kiwe cha kupendeza namna gani.

Chukua shilingi 10 ya Kenya, yenye metali mbili. Moyo uking'olewa kwa nyundo, ukuta wa ndani wa pete hubaki wima, mara nyingi ukiwa na mikwaruzo. Pete iliyopigwa chapa bila moyo ni tofauti: chuma hukosa kizuizi, hutiririka kuelekea katikati, na tundu hubaki dogo lenye ukingo uliovimba. Karibu zote zinazotembezwa sokoni ni za nyundo.

Sarafu iliyomegeka pembeni nayo ina siri yake. Ikiwa kisahani kilikatwa vibaya kabla ya chapa, ukingo ulio mkabala na pengo mara nyingi hufifia, kwa sababu wakati wa kuinua ukingo chuma hakikupata pa kuegemea. Iliyokatwa kwa tupa, ukingo wa upande wa pili uko kamili.

Yenye kichwa pande zote mbili? Tafuta mstari mwembamba unaozunguka ndani ya ukingo. Nyingi ni sarafu mbili zilizochongwa zikapachikwa pamoja, na ukiigonga mlio wake ni mfu.

Sumaku na mzani mdogo wa sonara husaidia sana. Marekani mwaka 1943 ilitengeneza senti za chuma kilichopakwa zinki, ili kuokoa shaba kwa ajili ya vita, lakini chache zikapigwa kwa visahani vya shaba kwa makosa. Wajanja wakazichovya zile za chuma katika shaba. Zilizochovywa hunaswa na sumaku. Ya kweli hainaswi, na ina uzito wa gramu 3.11 badala ya 2.7. Wengine walikata namba 8 ya mwaka 1948 ionekane 3, na hapo sumaku haisaidii, inahitajika lenzi.

Tahadhari: linganisha na sarafu ya thamani na mwaka uleule. Shilingi ya zamani ya Afrika Mashariki ilikuwa na robo ya fedha hadi 1946, ikawa ya shaba na nikeli kuanzia 1948, kwa hiyo tofauti kati ya hizo mbili si kasoro. Rangi pia hudanganya. Asidi ya betri, moto na chumvi ya pwani hubadilisha sarafu yoyote.

Kwa mahesabu ya kibiashara, ipokee kwa thamani iliyoandikwa tu, au iache. Kama kweli ni ya mamilioni, kwa nini inauzwa hapa kwa bei ya kreti la soda? Na ukishagundua ni ya kughushi usiipitishe kwa mwingine. Sheria za Kenya na Tanzania zinalihesabu hilo kuwa kosa la jinai.

Ikiwa umeikuta kwenye droo yako na dalili zote zinakubali, iweke ndani ya karatasi kavu. Usiisugue kwa ndimu wala majivu, maana mnunuzi wa kweli hushusha bei akiona sarafu imesafishwa.