Somalia: Kwa nini viongozi wa majimbo wanavutana juu ya kura ya mtu mmoja

Tarehe 25 Desemba 2025 wakazi wa Mogadishu walikwenda vituoni kuwachagua madiwani wa wilaya zao. Katika mji mkuu huo wa Somalia, ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka 1969 raia wa kawaida kupiga kura ya moja kwa moja. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka ishirini alipopigwa uchaguzi wa mwisho wa namna hiyo sasa ni mzee wa zaidi ya miaka sabini.

Hata hivyo, uchaguzi huo haukuvuka mipaka ya Mogadishu. Muungano mkuu wa wapinzani uliususia. Puntland na Jubaland, majimbo mawili yenye nguvu kubwa nje ya mji mkuu, hayaitambui sheria iliyouongoza. Ukiwasikiliza viongozi wa pande zote, utaona kwamba hakuna anayekataa hadharani haki ya kila raia kupiga kura. Wanachovutania ni nani mwenye mamlaka ya kuandika kanuni, na kwa maafikiano ya nani.

Ugomvi huo unawagusa pia watu wa lugha ya Kiswahili. Wabajuni wa Kismayo na visiwa vyake, pamoja na Wabrava wa mji wa Barawa, ni miongoni mwa jamii ambazo mfumo wa sasa huzihesabu kuwa sehemu ya “nusu”.

Mfumo wa nne na nusu

Machi 1969 Wasomali walichagua wabunge wao. Oktoba mwaka huo Rais Abdirashid Ali Shermarke aliuawa, na siku chache baadaye jeshi likatwaa madaraka chini ya Mohamed Siad Barre. Utawala wake ulipoanguka Januari 1991, dola nzima ilisambaratika pamoja nao.

Njia ya kuunda upya serikali ilipatikana mwaka 2000 katika mkutano wa amani uliofanyika Arta, nchini Djibouti. Wajumbe walikubaliana kugawana viti kwa misingi ya koo. Koo nne kubwa, yaani Darod, Hawiye, Dir na Digil-Mirifle, zilipata fungu moja kila moja, na jamii nyingine zote zikawekwa pamoja katika nusu fungu. Ndiyo maana mfumo huo unaitwa “nne na nusu”.

Katika Baraza la Wananchi lenye viti 275, kila ukoo mkubwa una viti 61, na jamii za nusu hugawana viti 31 vilivyobaki. Wagombea wake ni wengi: Wabantu wa mabonde ya mito ya Juba na Shabelle, Wabenadiri wa miji ya pwani, Wabrava, Wabajuni na wengineo.

Idadi ya wanaopiga kura imekuwa ikiongezeka polepole. Mwaka 2012 wabunge waliteuliwa na wazee wa koo 135. Mwaka 2016 kila kiti kilipigiwa kura na wajumbe 51, na katika uchaguzi wa 2021 na 2022 idadi hiyo ikafikia wajumbe 101. Wabunge ndio waliomchagua rais kila mara. Wakosoaji wanasema mfumo huo umefungua mlango wa rushwa, kwa kuwa ni rahisi kuwanunua watu 101 kuliko kuununua mji mzima. Wanaoutetea wanakumbusha kwamba, pamoja na kasoro zake, ndio uliowakalisha meza moja watu waliokuwa wakipigana.

Mpango wa Mogadishu

Rais Hassan Sheikh Mohamud alirejea madarakani Mei 2022 akiahidi kuachana na mfumo wa koo. Tarehe 28 Mei 2023 Baraza la Mashauriano la Taifa, linalowakutanisha rais na viongozi wa majimbo, lilitangaza makubaliano ya kuanzisha kura ya mtu mmoja. Makubaliano hayo yalipendekeza rais mwenye mgombea mwenza, nafasi ya waziri mkuu ifutwe, na vyama vya siasa visizidi viwili. Puntland haikuhudhuria kikao hicho.

Tarehe 30 Machi 2024 bunge mjini Mogadishu lilipitisha marekebisho ya sura nne za mwanzo za katiba ya muda ya mwaka 2012. Nafasi ya waziri mkuu ilibakishwa, lakini rais akapewa uwezo wa kumteua na kumwondoa. Ilielezwa kwamba rais atachaguliwa moja kwa moja na wananchi, na muhula wa vyombo vya serikali ukaongezwa kutoka miaka minne hadi mitano. Novemba mwaka huo huo sheria ya uchaguzi ikapitishwa, na Aprili 2025 wakazi wa Mogadishu wakaanza kuandikishwa kuwa wapiga kura.

Hoja ya serikali ni kwamba nchi haiwezi kukaa milele chini ya mpango wa dharura. Kwa maoni yake, mbunge anayewajibika kwa wajumbe wachache na mzee mmoja wa ukoo hana sababu ya kuwasikiliza wananchi, na wanamgambo wa Al-Shabaab hunufaika kila serikali inapoonekana kuwa mali ya wachache.

Puntland: katiba kwanza

Puntland iliundwa mwaka 1998, miaka mingi kabla ya muundo wa sasa wa shirikisho, na hujiona kuwa mzazi wa muundo huo. Rais wake, Said Abdullahi Deni, anashikilia kwamba marekebisho ya katiba hayana nguvu bila ridhaa ya majimbo yote na kura ya maoni ya wananchi. Siku moja baada ya bunge kupitisha sura zile nne, Puntland ilitangaza kwamba haitambui tena taasisi za shirikisho na kwamba itajiendesha yenyewe hadi kura hiyo ya maoni itakapofanyika.

Msimamo huo una historia ya kushangaza, kwa kuwa Puntland iliitangulia Mogadishu katika kura ya moja kwa moja. Oktoba 2021 wakazi wa Qardho, Eyl na Ufeyn walichagua mabaraza yao kwa njia hiyo, na tarehe 25 Mei 2023 zoezi likafanyika katika wilaya 30. Lakini wiki chache baadaye, mabishano bungeni juu ya kubadili katiba ya jimbo yaligeuka mapigano ya silaha katika mitaa ya Garowe, na watu zaidi ya ishirini wakauawa. Wapinzani walidai kwamba mabadiliko yale yangemwongezea Deni muda. Hatimaye kura ya wananchi katika ngazi ya jimbo iliachwa, na Januari 2024 Deni akachaguliwa tena na wabunge 66 walioteuliwa kwa njia ya koo.

Mkasa huo wa Garowe ulionyesha jinsi kura ya wananchi inavyoweza kuvunjika pale anayeiandaa naye ni mgombea, na washindani wake hawamwamini.

Jubaland: mvutano wafika mpakani

Ahmed Mohamed Islam, ajulikanaye kama Ahmed Madobe, ameiongoza Jubaland tangu 2013. Mwanzoni alihudhuria vikao vya Baraza la Mashauriano, lakini Oktoba 2024 aliondoka mkutanoni Mogadishu. Anadai kwamba ratiba ya uchaguzi haitekelezeki. Mkoa wa Juba ya Kati bado uko mikononi mwa Al-Shabaab, na vituo vya kura haviwezi kufunguliwa mahali ambapo serikali haina askari.

Mogadishu inayasoma mambo kwa namna nyingine. Mwaka 2024 bunge la Jubaland liliondoa ukomo wa mihula, na tarehe 25 Novemba Madobe akachaguliwa kwa muhula wa tatu. Serikali ya shirikisho iliukataa uchaguzi huo. Mahakama ya Mogadishu ikatoa hati ya kumkamata Madobe, nayo mahakama ya Kismayo ikatoa hati ya kumkamata Rais Hassan Sheikh.

Desemba 11 majeshi ya pande hizo mbili yalipigana Ras Kamboni, karibu na mpaka wa Kenya. Askari wa Jubaland waliushika mji, na mamia ya askari wa shirikisho wakavuka mpaka na kuingia Kaunti ya Lamu. Upande wa pili wa mpaka huo, kuanzia Ishakani na Kiunga, wanaishi Wabajuni wa Kenya, ndugu wa Wabajuni wa Ras Kamboni na Kismayo. Ubishi wa vifungu vya katiba ulikuwa umewafikia mlangoni.

Viongozi waliosimama na rais

Majimbo ya Kusini Magharibi, Galmudug na Hirshabelle yaliufuata mpango wa Mogadishu. Mei 2025 viongozi wake, Abdiaziz Laftagareen, Ahmed Qoorqoor na Ali Guudlaawe, walijiunga na chama kipya kilichoanzishwa na Rais Hassan Sheikh. Wote watatu walichaguliwa na mabunge ya majimbo yao kati ya 2018 na 2020, na wakaendelea kubaki madarakani huku uchaguzi mpya ukisubiriwa. Kwa wapinzani, hiyo ndiyo siri ya uungaji mkono wao. Wenyewe walisema hakuna njia nyingine ya kujenga dola moja.

Katika mji mkuu wenyewe, marais wastaafu na mawaziri wakuu wa zamani, akiwemo Sharif Sheikh Ahmed, wamepinga utaratibu huo. Wanalalamika kwamba tume ya uchaguzi iliundwa bila maafikiano, na kwamba kura itakayopigwa katika maeneo machache yaliyo salama itampa ushindi aliyeko madarakani. Agosti 2025 baadhi ya wanasiasa wa upinzani walifikia mapatano na rais: wabunge wachaguliwe na wananchi, na rais aendelee kuchaguliwa na bunge. Sharif na wengine hawakuyakubali. Oktoba, Puntland, Jubaland na wapinzani hao wakaunda baraza la pamoja mjini Nairobi.

Wabajuni na Wabrava wanasimama wapi?

Kwa jamii ndogo, kila mfumo una kheri yake na hatari yake. Mfumo wa nne na nusu umeziambia jamii hizo waziwazi kwamba uraia wao ni wa nusu. Lakini nusu hiyo imekuwa pia akiba: kiti kilichotengwa kwa Mbajuni au Mbrava hakiwezi kugombewa na mtu wa ukoo mkubwa. Ugumu umekuwa katika utekelezaji. Uchaguzi wa wajumbe huendeshwa chini ya kivuli cha viongozi wa jimbo, na mgombea asiye na fedha wala bunduki nyuma yake hana sauti kubwa mjini Kismayo.

Kura ya mtu mmoja humfanya Mbajuni kuwa raia kamili kwenye karatasi. Lakini kura huhesabiwa pale mtu alipo. Vita vya baada ya 1991 viliwatawanya Wabajuni na Wabrava wengi hadi Lamu, Mombasa, Ulaya na Amerika, na nyumba na mashamba ya baadhi yao yakatwaliwa na wengine. Mtu asiyeandikishwa Barawa au Koyama hawezi kumchagua mwakilishi wa Barawa au Koyama. Jamii iliyopungua kwa sababu ya kufukuzwa inaweza kukosa kiti kwa sababu hiyo hiyo ya kupungua.

Kwa hiyo maswali yenye uzito kwao ni matatu. Je, viti maalumu vya jamii ndogo vitabaki wakati wa mpito? Je, vyama vitalazimika kuwaweka watu wao mahali panapoonekana katika orodha za wagombea? Na je, wakimbizi watapewa haki ya kupiga kura walipo? Katika mikutano ya viongozi wa majimbo, mabishano yamehusu zaidi mihula, mamlaka ya rais na mgawanyo wa nguvu kati ya mji mkuu na majimbo. Wanawake nao wamekutana na hali kama hiyo: waliahidiwa asilimia 30 ya viti, lakini katika uchaguzi wa 2021 na 2022 walipata viti 54 kati ya 275 vya Baraza la Wananchi, yaani takriban asilimia 20.

Kinachosubiriwa

Kwa hesabu ya miaka minne, muhula wa bunge ulikuwa ukome Aprili 2026 na ule wa rais Mei 2026. Wapinzani walihofia kwamba kipengele cha miaka mitano kingetumiwa kuongeza mwaka mmoja. Hofu hiyo haikuwa ya kufikirika. Aprili 2021 bunge lilipomwongezea muda Rais Mohamed Abdullahi Farmaajo, vikosi vya jeshi vilivyogawanyika kwa misingi ya koo vilipigana ndani ya Mogadishu, na maelfu ya wakazi wakahama makwao kabla ya uamuzi huo kufutwa.

Njia iliyowatoa viongozi katika mkwamo ule ilikuwa mkutano wa rais, viongozi wa majimbo na wapinzani, uliomalizika kwa makubaliano yaliyotiwa saini na wote tarehe 27 Mei 2021. Kanuni zilizokubaliwa siku ile hazikuwa za kura ya wananchi, lakini zilitekelezwa kwa sababu kila upande ulikuwa umeziridhia. Foleni za Mogadishu zimethibitisha kwamba raia wako tayari kupiga kura. Ridhaa ya Garowe na Kismayo bado haijapatikana, na bila hiyo kura ya mtu mmoja itabaki kuwa kura ya mji mmoja.