Kunde ya Majani, Kunde ya Punje

Mbegu ya kunde huchaguliwa juu ya ungo, mchana, mahali penye mwanga. Anayechagua humimina punje, hupepeta vumbi na makapi, kisha huzitenga moja moja kwa kidole. Yenye tundu huwekwa kando, maana fukusi ameshatoka. Yenye kidoa cheupe kilichoganda juu yake nayo hutolewa, kwa sababu kidoa hicho ni yai, na buu akishajichimbia ndani punje itabaki ganda tupu baada ya wiki chache. Zilizopasuka huenda chunguni. Zinazobaki hugawanywa tena, mara hii kwa rangi na kwa kumbukumbu: hizi zilitoka kwenye mche uliotambaa ukaendelea kutoa majani hata mvua zilipokatika, hizi zilitoka kwenye ule uliosimama wima ukakomaa wote kwa pamoja.

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, kusini mwa Mkoa wa Kagera, ungo huo umebeba historia ndefu kuliko jalada lolote la bwana shamba. Watu wote waliopita hapa, wawe wahamiaji, wafugaji, wakimbizi au watafiti, walikuja na mbegu zao au na maoni yao kuhusu mbegu za wengine. Lakini anayeitafuta historia ya kunde kwenye maandishi hukutana na pengo, na pengo hilo lina sababu. Walioandika walikuwa na mizani mkononi, na mizani hupima punje kavu. Kunde iliyoliwa mara nyingi zaidi nyumbani ni ile ya majani, iliyochumwa jioni na kuingia chunguni usiku huohuo. Hiyo haikupita ghalani wala sokoni, na haikuandikwa.

Ramani yenyewe ilianza kuchagua kabla ya watu. Vilima vya Bugufi, nyumbani kwa Wahangaza, vina ubaridi, na huko mgomba na haragwe vimeshikamana kiasi kwamba sufuria ya ndizi zilizochemshwa na maharage ndiyo sura ya mlo. Ukishuka kuelekea Kasulo na bonde la Mto Kagera, au ukienda mashariki hadi misitu ya miombo ya Biharamulo, joto linaongezeka na udongo unakuwa mwepesi. Haragwe halipendi joto hilo. Kunde hulifurahia. Hustahimili jua, huvumilia udongo uliochoka, na mizizi yake, kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye vinundu vyake, hujitengenezea naitrojeni kutoka hewani. Kwa hiyo mpaka wa mikunde hii miwili umechorwa na mwinuko wa ardhi, na bustani nyingi ziko palepale mpakani.

Kati ya kunde na haragwe, kunde ndiyo mwenyeji. Ni zao la Afrika. Mabaki ya kale ya kunde iliyolimwa yamepatikana Ghana ya kati, katika makazi ya utamaduni wa Kintampo, yenye umri wa zaidi ya miaka 3,500. Kwa upande wetu habari kubwa ilitangazwa mwaka 2024: katika pango la Kakapel, magharibi mwa Kenya karibu na mpaka wa Uganda, waakiolojia walipata punje ya kunde iliyoungua, yenye umri wa miaka kama 2,300. Ndilo zao la kulimwa la zamani kuliko yote waliyoyakuta pangoni humo, na ulezi ulionekana karne nyingi baadaye. Neno lenyewe limesafiri na mbegu. Mzizi wa "kunde" umo katika lugha nyingi za Kibantu, kutoka pwani ya Bahari ya Hindi hadi kwa Wakongo wa pwani ya Atlantiki, na wanaisimu huuhesabu miongoni mwa maneno ya kale kabisa ya familia hiyo ya lugha.

Haragwe lilikuja baadaye sana. Asili yake ni Amerika, nalo liliingia Afrika baada ya Wareno kufungua njia za bahari. Lilipopanda milima ya Maziwa Makuu lilikuta mahali pazuri, likaenea kama lililozaliwa hapo. Leo Mrundi huliita "ibiharage" na Mnyarwanda "ibishyimbo", na wengi wangeshangaa kuambiwa kwamba mgeni kati ya haragwe na kunde ni haragwe.

Mwishoni mwa mwaka 1861 wavumbuzi John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika Usui, jina walilolitumia kwa nchi ya Busubi, ambayo sehemu yake kubwa leo imo Biharamulo na Ngara. Mtawala Suwarora aliwachelewesha kwa madai ya hongo kabla ya kuwaruhusu kuendelea Karagwe kwa mfalme Rumanika. Grant alikuwa mkusanyaji hodari wa mimea, na mikusanyo yake ilichapishwa London kati ya 1872 na 1875. Hata hivyo msafara hununua kinachobebeka. Mpagazi hawezi kubeba majani ya kunde kwa safari ya siku nne, hubeba nafaka, punje na ndizi. Mjerumani Gustav Adolf von Götzen naye, alipovuka Kagera pale Rusumo mwaka 1894 kwenda Rwanda, alikuwa na msafara wa kulishwa. Chakula cha misafara kiliingia vitabuni. Mboga ya nyumbani ilibaki jikoni.

Utawala wa kikoloni uliendeleza mtazamo huo kwa nguvu zaidi. Bugufi, iliyokuwa sehemu ya Burundi, ilibaki chini ya Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na kahawa ikapandwa vilimani. Biharamulo, ugonjwa wa malale ulipoenea, serikali iliwahamisha watu kutoka makazi yaliyotawanyika na kuwakusanya pamoja. Kuhamishwa huko kuna upande ambao haukuandikwa vya kutosha. Mtu akihama haraka hubeba watoto, mifugo na vyungu, na mbegu anayoweza kubeba ni ile iliyokwisha kukauka na kuwekwa kibuyuni pamoja na majivu. Aina inayochelewa kukomaa, ambayo bado iko shambani, huachwa nyuma.

Baada ya uhuru, hesabu iliendelea kuwa ya punje. Kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya mwaka 1974, iliyofuata ukame, na Operesheni Vijiji ya miaka hiyohiyo ziliwasogeza watu karibu na barabara na kuyapa mazao ya chakula uzito wa kitaifa. Shirika la Taifa la Usagishaji lilinunua kwa gunia. Katika kituo cha utafiti cha Ilonga, wilayani Kilosa, wataalamu wakishirikiana na taasisi ya kimataifa ya IITA ya Ibadan, Nigeria, walitoa kunde zenye majina ya kutia moyo: Tumaini, Fahari, Vuli-1. Majina haya yanaeleza nia. Vuli-1 ni kunde ya kukimbilia mvua fupi, inayokomaa ndani ya miezi miwili hivi, kabla jua halijakausha shamba. Kwa mkulima wa nyanda kavu anayeuza punje, hiyo ni zawadi ya kweli.

Bustani ya nyumbani huuliza swali lingine, na hapa ndipo kiini cha jambo. Mche wa kunde una nguvu moja ya kugawa. Ukichuma majani machanga ya ncha tangu wiki ya tatu au ya nne, mche wa kutambaa hujibu kwa kutoa matawi mapya, na jikoni hupata mboga kwa majuma mengi. Punje zitapungua, lakini mama hakuzitegemea sana. Mche wa kusimama, uliochaguliwa ili maua yake yote yafunguke kwa wakati mmoja, hauna subira hiyo. Ukiuchuma mara mbili tatu umeupunguzia maganda, na baada ya kukomaa majani yake hukauka na habari yake imekwisha. Kuna mambo mengine ambayo mizani haiyaoni: upana wa jani, ulaini wake baada ya kuchemka, kama lina uchungu wa kuhitaji magadi, kama vidukari hulivamia mapema. Mwanamke aliyekataa mbegu mpya ya kituo cha utafiti aliandikwa kuwa ameng'ang'ania ya kienyeji. Huenda alikuwa amefanya hesabu kamili kuliko aliyemwandika.

Waliothibitisha thamani ya jani la kunde kwa uwazi kuliko wote katika Biharamulo ni Wasukuma. Walihamia magharibi, kwanza Geita na baadaye Biharamulo na Chato, wakitafuta malisho na mashamba, na kwao mboga ya kiangazi ina jina: nsansa. Majani ya kunde huchumwa kwa wingi wakati wa mvua, huchemshwa, kisha huanikwa juani hadi yawe meusi na mepesi kama karatasi. Huwekwa ghalani, na miezi ambayo hakuna jani bichi shambani hulowekwa, hupikwa na kuungwa kwa karanga zilizotwangwa. Harufu yake ni nzito, ya moshi kidogo, na aliyekulia nayo huitambua kabla hajaingia uani. Anayetaka nsansa hachagui kunde ya kusimama. Anataka mche unaotambaa katikati ya mahindi, wenye majani mengi mapana, unaofunika udongo na kuzuia magugu. Kwa karne ambayo serikali ilihesabu magunia, Wasukuma walihifadhi aina za majani kwa sababu walikuwa na njia ya kuzila mwaka mzima.

Kisha ukaja mwaka 1994, wa mauaji ya kimbari ya Rwanda. Tarehe 28 na 29 Aprili, ndani ya saa zipatazo 24, watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 walivuka Daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara, wilaya ambayo sensa ya 1988 iliihesabu kuwa na watu wasiofika 200,000. Kambi ya Benaco, iliyopewa jina la kampuni ya ujenzi ya Kiitaliano, ikawa mji kwa usiku mmoja. Mgao ulikuwa mahindi, maharage na mafuta. Maharage makavu hupikwa kwa saa nyingi, na kila jiko lilihitaji kuni. Vilima vilivyozunguka kambi vilibaki visiki. Katika hali hiyo muda wa kupika, jambo ambalo wapishi wamelipima siku zote, ulionekana kwa macho ya kila mtu. Majani ya kunde huiva kwa dakika chache, na punje za kunde huwahi kuiva kuliko za haragwe.

Ng'ambo ya mto kulikuwa na somo lililotangulia janga. Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika kituo cha Rubona kusini mwa Rwanda, mtafiti Louise Sperling na wenzake waliwaalika wanawake waliojulikana vijijini kwa ujuzi wa maharage. Waliwapeleka kwenye vitalu vya kituo wachague wenyewe mapema, kabla wataalamu hawajapunguza aina. Wanawake waliangalia mavuno, na pia jinsi jani linavyokaa chini ya mgomba, mche unavyostahimili mvua kubwa, na kama majani yanafaa kuliwa. Zilipopandwa mashambani kwao, mbegu walizochagua zilishinda mchanganyiko wa kienyeji mara nyingi zaidi kuliko zile zilizochaguliwa na wataalamu. Baada ya mauaji ya kimbari, mpango wa kimataifa ulioitwa Mbegu za Matumaini ulizalisha mbegu katika nchi jirani ili kuirudishia Rwanda. Uchunguzi ukaonyesha kwamba aina nyingi za maharage hazikupotea. Zilikuwa zimebaki kwa wakulima, na tatizo kubwa lilikuwa umaskini wa mtu kushindwa kununua mbegu iliyokuwepo.

Haragwe lilipata heshima hiyo. Kunde ya majani imechelewa, ingawa mambo yamebadilika kidogo. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kilichoko Tengeru, Arusha, tangu miaka ya 1990, kimeziweka kunde miongoni mwa mboga za asili zinazostahili utafiti wake, pamoja na mchicha na mnavu. Huko Ibadan, benki ya mbegu ya IITA ina sampuli zaidi ya 15,000 za kunde. Hapa Tanzania, Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 nayo iliweka taratibu za ukaguzi, na utaratibu wa mbegu za kuazimiwa ubora umewawezesha wakulima wadogo kuzalisha na kuuza mbegu karibu na kijiji.

Kwa anayepanda bustani leo, historia hii inarudi kama maamuzi ya kawaida. Mwenye nyumba kwenye kilima chenye ubaridi cha Bugufi ataipa migomba maharage yake, na kunde ataitafutia pembe yenye jua, mbali na kivuli cha majani ya mgomba. Wa Nyakahura au Lusahunga, wilayani Biharamulo, ana joto la kutosha, kwa hiyo tatizo lake ni wadudu. Fundi wa kweli hupanda aina mbili na kuzitenganisha: mistari michache ya kusimama kwa ajili ya punje za kuuza au za kuhifadhi, na zinazotambaa karibu na jiko, mahali ambapo mtoto anaweza kutumwa na bakuli.

Katika kitalu hicho cha jikoni hubaki miche mitano au sita ambayo mtoto ameonywa asiiguse. Ni ile yenye majani mapana na mashina safi, iliyotiwa alama kwa kijiti au kwa kamba ya mgomba. Haichumwi hata mara moja. Maganda yake huachwa yakauke juu ya shina hadi yalie yakitikiswa, huvunwa asubuhi kabla jua halijayapasua, na punje zake huingia kibuyuni na majivu ya jana, juu ya moshi wa jiko, zikisubiri siku ya ungo.