Mundu Katika Damu: Historia ya Kupima Kabla ya Kuzaa

Natumaini mmekwisha kaa, redio yasikika vizuri, na mbele yenu mna vikombe viwili na punje nne za maharage, mbili nyeupe na mbili nyekundu, kama tulivyoomba juma lililopita. Viwekeni kando kwanza. Tutavitumia baadaye.

Leo nitaanza na habari ya kwetu Ukerewe. Shangazi yangu aliolewa na kijana mmoja mwenye bidii, wakapata watoto watatu. Wa kwanza na wa tatu waliugua tangu wachanga. Mifupa iliwauma, macho yakawa ya manjano, damu ikapungua, wakafa kabla ya kutimiza miaka mitano. Wa kati, msichana, alikua vizuri. Yule wa tatu alipokuwa hospitali, daktari alitaja jina la ugonjwa: selimundu. Lakini hakuna aliyewaeleza wazazi maana yake.

Ukoo wa mume ukasema shangazi ana mkosi, akarudishwa kwao pamoja na binti yake. Mume akaoa mke mwingine, akapata watoto wazima. Watu wakasema, "Mnaona? Kosa lilikuwa la mwanamke." Baadaye shangazi naye akaolewa na mtu mwingine, akazaa watoto wanne, wote wazima. Hapo watu wakanyamaza, maana hawakuwa na la kusema.

Je, kosa lilikuwa la nani? Jibu lilichukua miaka hamsini kukamilika, na sehemu yake moja ilipatikana hapa hapa Afrika ya Mashariki. Nisikilizeni.

Mwishoni mwa mwaka 1904, katika mji wa Chicago, Marekani, kijana mmoja aliingia hospitali akikohoa na kuhema. Jina lake Walter Clement Noel. Alizaliwa katika kisiwa cha Grenada, naye alikuwa amekwenda Chicago kujifunza uganga wa meno. Daktari Ernest Irons alitazama damu yake kwa hadubini, yaani chombo kinachokuza vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni za mviringo, kama chapati ndogo. Lakini katika damu ya Noel zilionekana nyingine nyembamba, zimepinda. Mkubwa wake, Daktari James Herrick, aliandika habari hizo mwaka 1910, akasema chembe hizo zina umbo la mundu.

Sisi wakulima twaujua mundu, chuma kilichopinda cha kukatia mpunga. Sasa fikiri juu ya mfereji wa maji shambani. Mawe ya mviringo hubiringika na kupita. Lakini matawi yaliyopinda yakiingia, hunasana, na maji hukwama. Ndivyo chembe za mundu zinavyofanya katika mishipa midogo. Damu ikikwama, maumivu makali hufuata. Tena chembe hizo hufa upesi, na mtu hupungukiwa na damu. Noel alifuzu masomo yake, akarudi Grenada kufanya kazi ya meno, akafa mwaka 1916 akiwa na miaka 32.

Basi ugonjwa ulionekana, lakini unatoka wapi? Mwaka 1949 watu wawili, kila mmoja mahali pake, walileta jibu moja. Daktari Beet alikuwa akifanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni Zambia. Profesa James Neel alikuwa Marekani. Wote wawili walichunguza jamaa za wagonjwa, wakaona kwamba mtoto mgonjwa amerithi kutoka pande zote mbili, kwa baba na kwa mama pia.

Haya, sasa vuteni vikombe vyenu. Miili yetu ina vitu vidogo sana vinavyobeba urithi. Twaviita vinasaba, kwa sababu hutupatia nasaba yetu. Kwa jambo hili la damu, kila mtu ana vinasaba viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama. Weka katika kila kikombe punje moja nyeupe na moja nyekundu. Nyeupe ni kinasaba cha damu ya kawaida, nyekundu ni cha mundu. Kikombe kimoja ni baba, cha pili ni mama. Wote wawili ni wazima, wanalima, wanacheza ngoma, hawajui wana nini. Mtu wa namna hii huitwa mbebaji. Mbebaji si mgonjwa.

Fumba macho, toa punje moja kutoka kila kikombe. Huyo ndiye mtoto. Akitoka na nyeupe mbili, hana mundu kabisa. Akitoka na nyeupe moja na nyekundu moja, ni mbebaji kama wazazi wake. Akitoka na nyekundu mbili, ni mgonjwa. Katika nafasi nne, moja ni ya asiye na mundu, mbili ni za wabebaji, moja ni ya mgonjwa. Kisha rudisha punje vikombeni, utoe tena. Usisahau kurudisha, maana kila mimba huanza upya. Kupata mtoto mgonjwa leo hakukukingi kesho.

Sasa ondoa punje nyekundu katika kikombe kimoja, weka nyeupe badala yake. Toa mara kumi, toa mara mia. Je, umepata nyekundu mbili hata mara moja? Huwezi. Mbebaji akizaa na mtu asiye mbebaji, mtoto aweza kuwa mbebaji, lakini hawi mgonjwa wa selimundu. Nadhani sasa mmeanza kuona habari ya shangazi yangu.

Lakini kwa nini kinasaba hiki ni kingi kwetu? Mwaka 1949, kijana Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kusoma Oxford, Uingereza, alikuja na msafara wa chuo chake kwenye Mlima Kenya. Alipima damu ya watu wa sehemu mbalimbali. Pwani na kando ya Ziwa Victoria alikuta wabebaji wakipita 20 katika kila watu 100. Katika nchi za juu zenye baridi walikuwa chini ya 1. Akajiuliza: pwani na ziwani kuna nini ambacho mlimani hakipo? Kuna mbu, na kuna malaria.

Akarudi baadaye kuchunguza, akatoa habari zake mwaka 1954. Nchini Uganda alipima watoto 290. Wabebaji walikuwa 43, na kati yao 12 walikuwa na vijidudu vya malaria. Wasio wabebaji walikuwa 247, na kati yao 113 walikuwa navyo. Ukipiga hesabu utaona kwamba wabebaji walikuwa na kinga. Punje moja nyekundu humkinga mtoto asiuawe na malaria; punje mbili humdhuru. Basi kinasaba hiki si laana. Kiliwasaidia wazee wetu kuishi penye mbu.

Elimu ilipopatikana, ikaja kazi ya kuitumia, na hapo kosa kubwa lilifanyika. Kuanzia mwaka 1971, majimbo kadhaa ya Marekani yalitunga sheria za kupima damu, na mengine yakawalazimisha watoto wa shule au watu wanaotaka kuoana. Waliolengwa walikuwa Wamarekani weusi. Wabebaji wengine walidhaniwa ni wagonjwa, wakanyimwa kazi au bima. Chuo cha Jeshi la Anga kiliwakataa wabebaji mpaka mwaka 1981. Sheria ya taifa ya mwaka 1972 ilitaka mipango inayosaidiwa na fedha zake iwe ya hiari. Hapo twajifunza kwamba kipimo bila maelezo huzaa aibu.

Siku hizi upimaji umefika hata sebuleni. Mwezi wa Februari 2015, serikali ya Marekani iliruhusu kwa mara ya kwanza kipimo cha ubebaji kiuzwe moja kwa moja kwa mwananchi. Kilikuwa cha ugonjwa mwingine wa urithi, uitwao Bloom. Kisanduku chaja kwa posta. Mtu hutema mate katika kichupa, hufunga, hupeleka, kisha husubiri majibu.

Binti yule wa shangazi, aliyesalia, sasa ni mtu mzima na ana mchumba. Alisikia habari za visanduku hivyo, akaniuliza, "Kaka, niagize?" Nilimjibu hivi. Kwanza, kipimo cha mate hutafuta kasoro zile tu kilichotengenezewa kutafuta. Kikinyamaza, usidhani umesafishwa kwa magonjwa yote. Pili, kampuni hubaki na habari za nasaba yako, basi soma mapatano kabla ya kutema. Tatu, karatasi haijibu maswali. Tafuta mtu wa afya wa kukueleza. Nne, na hili ni kubwa, jibu la mmoja halitoshi. Vikombe ni viwili. Kwa selimundu, hospitali yenye maabara inayofaa huweza kuwapima wote wawili kwa damu kidogo tu.

Nikamkumbusha pia punje zake. Katika nafasi tatu za mtoto mzima wa wazazi wabebaji, mbili ni za ubebaji. Akaelewa. Siku ya pili alimweleza mchumba wake, wakaenda pamoja. Majibu yao sitawaambia, maana ni yao. Wakiwa wabebaji wote wawili, wao ndio watakaoamua: kuachana, au kuoana na kujiandaa kumpima kila mtoto mapema, ili akiwa mgonjwa aanze matibabu kabla ya kudhoofika. Nawaambieni jambo moja tu. Walipotoka, binti alikwenda kwa mama yake na vikombe viwili na maharage. Shangazi alitoa punje mara nyingi, akakaa kimya. Kisha akasema, "Kumbe tulikuwa wawili."

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini shangazi na mume wake wa kwanza walipata watoto wazima walipooa na kuolewa kwingine?
2. Kwa nini wabebaji walikuwa wengi ziwani na pwani, na wachache mlimani?
3. Mchumba wa mtoto wako akiwa mbebaji, utasema nini naye, na utamwachia nani uamuzi?

Kwaherini, mpaka juma lijalo.